Mwaliko wa Kushusha Injini

Ngo. Ngo. Ngo. Ngo.

Sauti hiyo ilifika Mtunda kabla ya gari. Ilipita juu ya mikorosho, ikapita kisimani, ikaingia uani kwa Bibi Kijakazi. Kina mama waliokuwa wakipepeta mchele wakasimamisha nyungo zao. Mmoja akasema kuna mtu anatwanga njiani. Mwingine akasema hapana, huyo ni Miraji na Landrova lake.

Ndipo gari likatokea kwenye kona, limejaa nazi, likitoa moshi. Miraji alikuwa kwenye usukani, ameinua kidevu kama kawaida yake. Alikuwa kijana mwenye nguvu na sauti kubwa. Hakupenda kuuliza maswali, na kuulizwa hakupenda zaidi. Mkewe, Mwamvua, alipotaka kujua gari lina nini, alimjibu kwamba halina kitu, linaimba tu.

"Linaimba?" akasema Bibi Kijakazi. "Mume wangu, siku mimi nikiimba hivyo, mnipeleke hospitali."

Bibi alimwita mjukuu wake mume, na Mwamvua alimwita mke mwenzangu. Ndivyo alivyowatania tangu walipooana. Lakini siku hiyo utani wake ulikuwa na wasiwasi ndani yake.

Mwaka ule ilikuwa inatimia miaka mia moja tangu Vita vya Maji Maji vianze. Watu wa bondeni na watu wa milimani walikuwa wakijiandaa kwenda Nandete, kule juu Umatumbini, kuwakumbuka wazee waliosimama mbele ya bunduki za Mjerumani na kukataa kulimishwa pamba kwa kiboko. Baba yake Bibi Kijakazi alizaliwa milimani huko. Vita vilipoanza alikuwa mtoto mchanga. Mama yake alikimbia naye mpaka bonde la Rufiji. Waliobaki, wengine waliuawa, wengine walikufa kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa moto.

Bibi Kijakazi alikua akisimuliwa milima ambayo hajawahi kuikanyaga. Sasa alikuwa mzee sana. Miguu yake haikuweza kugombania basi. Alitaka jambo moja tu: afike mara moja, asome dua kwenye ardhi ya babu yake. Landrova la Miraji ndilo lingempeleka yeye na wazee wenzake. Gari lisipopona, bibi haendi.

Kwa hiyo Miraji akaenda Kibiti, kwenye gereji ya Fundi Mshamu.

Fundi Mshamu alikuwa Mndengereko mwenye tumbo na maneno mengi. Kujisifu hakukumtia haya. Alimwambia kila mteja kwamba kutoka Mbagala hadi Lindi hakuna injini isiyomjua kwa jina. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye injini iliyokuwa ikinguruma, na mpini wake akauweka sikioni. Akasikiliza huku na huku. Kisha akamwashiria Miraji azime.

Akasema injini imenoki. Ndani ya injini kuna krenki, yaani mhimili mzito wa chuma unaozunguka. Mhimili huo umekalia vipande laini vinavyoitwa metali. Metali zikilika, chuma hugonga chuma, na ndiyo ile ngo ngo. Injini lazima ishushwe na kufunguliwa yote. Krenki itapelekwa Dar es Salaam kuchongwa. Kisha kila kitu kifungwe upya. Akataja bei ya vipuri peke yake, bei ya kuchonga peke yake, na ujira wa gereji peke yake. Ujira ulikuwa shilingi laki moja na nusu.

"Laki na nusu ya nini?" akauliza Miraji. "Vipuri nanunua mimi. Kuchonga nalipa mimi. Wewe unaleta nini?"

"Najileta mimi," akasema Fundi Mshamu.

Miraji hakucheka. Mambo ya ujira aliyajua tangu utotoni. Kwao, mtu wa kulima hulipwa kwa ngwe. Unasimama kichwani mwa shamba, unapima kipande kwa fimbo, unayaona majani yalivyo, mnapatana. Mtu anainama, jasho linamtoka, anamaliza, unamlipa. Ukimpa chakula, ujira unapungua. Na ukiwa na ndugu wengi, unaita mwaliko. Wanakuja na majembe, mnaimba, mnakula wali, shamba linakwisha na hakuna anayedai senti. Hiyo ndiyo kazi. Na huyu hapa, amekaa kwenye kigoda kivulini, anataka laki na nusu. Miraji alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye ndara, asilione jasho la laki na nusu.

Fundi alianza kumweleza. Miraji alikuwa ameshapanda garini.

"Usiliendeshe mbali," fundi akamwita. "Na usilifungue mwenyewe."

Miraji alilisikia la kwanza. La pili alilisikia vilevile. Hakufuata hata moja. Alipofika karibu na nyumbani, injini ilitoa mlio mmoja mkubwa, ikazima, na watu wakalisukuma gari mpaka uani.

Bibi Kijakazi alitoka mlangoni, akaliangalia, akarudi ndani bila kutania. Hilo lilimuuma Miraji kuliko maneno.

Usiku kucha aligeuka kitandani. Asubuhi alimwambia mkewe kwamba amepata dawa. Kazi kubwa ya fundi ni kuishusha ile injini, maana ni nzito. Basi wao wataishusha wenyewe. Wataifungua wenyewe. Fundi ataletewa kazi iliyokwisha nusu, na ujira utabaki nusu. Ataita mwaliko.

Mwamvua aliuliza kama kuna mtu kati ya walioalikwa anayeijua injini. Miraji akamjibu kwamba injini ni chuma, na chuma hakimshindi mwanamume wa Kimatumbi. Mwamvua alikwenda kupika.

Ulikuwa mwaliko wa kukumbukwa. Walikuja ndugu na jamaa, na mbele yao Swalehe, binamu yake Miraji, ambaye aliweza kubeba gunia la mpunga huku akisimulia hadithi. Walisimamisha miti mitatu mirefu, wakaifunga vichwa pamoja, wakapitisha kamba. Swalehe akaanzisha wimbo alioutunga palepale, wenzake wakaitikia:

Toka chuma toka, nje kuna wenyewe,
Leo umechoka, tukubebe wewe.

Injini ikatoka. Ilining'inia juu, ikidondosha oili nyeusi, na wanawake wakapiga vigelegele. Miraji alijiona ameshinda vita. Akaazima spana, akaanza kufungua. Nati, bolti na vifuniko vinavyoshika zile metali, vyote akavitia katika pakacha moja, kama mtu anayeokota korosho. Vifuniko viwili vilikataa kutoka. Swalehe akaleta nyundo, vikatoka.

Adhuhuri kazi ilikwisha. Walikula wali na samaki mpaka matumbo yakakaza. Kesho yake walikodi trekta na tela, wakapakia injini, wakapanda wote wakiimba. Bibi Kijakazi naye akataka kwenda. Alisema kama mume wake anakwenda kupunguziwa ujira, lazima mke mkubwa ashuhudie. Wakamtandikia mkeka.

Fundi Mshamu aliusikia wimbo, akatoka nje. Aliitazama injini. Akaliona pakacha, akachungulia ndani yake. Kisha akaketi chini kabisa, mgongo ukutani, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha grisi, uso ukabaki na mistari myeusi. Watu wa kwenye tela nao wakacheka, ingawa hawakujua wanachekea nini. Miraji peke yake hakucheka.

"Nyinyi Wamatumbi wa milimani," akasema fundi alipopata pumzi. "Mmekuja kunisaidia au kunizika?"

Akachukua vifuniko viwili kutoka kwenye pakacha, akavipandisha kimoja juu ya kingine. Kwa macho vilikuwa sawa. Akawaambia si sawa. Kila kifuniko kilichongwa kikiwa mahali pake, na kinakaa mahali hapo tu. Ukikihamisha, krenki inabanwa au inalegea, na injini inakufa tena. Fundi akifungua, hupanga kila kimoja kwa zamu yake mezani. Hapa vyote vimechanganywa. Vifuniko vina namba, lakini hivi viwili namba zimepondwa kwa nyundo.

Swalehe akaangalia pembeni.

Maneno makali yalikuwa tayari mdomoni mwa Miraji. Alijua namna ya kuyatupa, na tela lilikuwa bado pale, angeweza kupakia injini na kuondoka. Lakini alipogeuka alimwona bibi yake kwenye mkeka, ameshika mkongojo, hamtazami yeye. Anatazama barabara inayokwenda kusini, kuelekea Nandete.

Akayameza. Akauliza swali lake la kwanza.

"Fundi, sisi tulidhani unalipwa kwa kunyanyua. Kumbe unalipwa kwa nini?"

Fundi Mshamu hakucheka tena. Akaokota bolti ya zamani kutoka kwenye vyuma chakavu, akaibana kwenye jiliwa, akampa Swalehe spana. Akamwambia aikaze nati mpaka aone imetosha. Swalehe akakaza. Watu wakamshangilia. Akakaza zaidi. Bolti ikakatika tap, na Swalehe akabaki na spana mkononi.

"Nguvu zipo," akasema fundi. "Sasa hiyo ingekatikia ndani ya injini ya bibi."

Akawaonyesha spana nyingine, ndefu, yenye kipimo. Kila bolti ndani ya injini ina kiasi chake cha kukazwa. Ikizidi inakatika, ikipungua inafunguka njiani. Halafu akavuta kigoda, akaketi karibu na mkeka wa Bibi Kijakazi, akaeleza kwa namna ambayo kila mkulima aliielewa.

Alisema hata gereji ina ngwe zake. Kushusha injini ni ngwe moja. Kuifungua na kuiosha ni nyingine. Kupima kila kipande ili kujua kipi kimelika ni nyingine. Kufunga ni ngwe ndefu kuliko zote. Kupandisha na kujaribu ndiyo ya mwisho. Kila ngwe ina saa zake. Watengenezaji wa gari wameziandika kitabuni, na yeye huongeza kidogo kama gari ni la zamani na nati zimeshika kutu. Saa zote zinajumlishwa, kisha zinazidishwa kwa bei ya saa moja ya gereji. Injini ya Miraji ilikuwa na saa thelathini, na saa moja kwake ni shilingi elfu tano. Ndiyo laki na nusu.

Mwamvua akauliza kwa nini saa moja iwe elfu tano. Fundi akasema hiyo elfu tano haiingii mfukoni mwake yote. Ndani yake kuna pango la kiwanja, kodi ya serikali, umeme, mnyororo wa kunyanyulia, spana za kipimo, na chakula cha mafundi wake wawili. Na ndani yake kuna dhamana. Injini ikigonga tena kwa kosa lake, ataifungua upya bure.

"Je, ukimaliza mapema?" akauliza Bibi Kijakazi. "Maana nasikia unajisifu sana kwamba una mkono mwepesi."

"Bei ni ileile, bibi. Unanilipa kwa kazi iliyokamilika. Nikichelewa kwa uvivu wangu, bei ni ileile pia. Uvivu ni wangu, mteja haulipii."

"Na ukikuta ubaya mwingine huko ndani?"

"Nasimama. Namwita mwenye gari. Anaona kwa macho yake, tunapatana, ndipo naendelea. Fundi anayeongeza bei baada ya kumaliza, huyo mkimbieni."

Miraji aliuliza, kwa sauti ndogo, kazi yao ya mwaliko imepunguza nini. Fundi akahesabu mbele ya watu wote. Kushusha na kufungua injini alikuwa ameweka saa tano. Wameshusha na kufungua wenyewe, basi saa tano anazitoa. Lakini kutafuta kila bolti mahali pake, na kupima vile vifuniko viwili mpaka vijulikane ni vya wapi, ni saa nane. Kwa hiyo mwaliko umeongeza saa tatu.

Kisha Bibi Kijakazi akaanza kucheka, taratibu, mabega yakitikisika.

"Mke mwenzangu," akamwambia Mwamvua, "samaki wetu wote wale, na bado tunadaiwa."

Safari hii hata Miraji alicheka. Alicheka kwa nguvu, mpaka wapita njia wakageuka. Kiburi chake hakikufa. Kilihama tu. Tangu saa ile alitaka awe mtu anayeijua kazi ya injini kuliko wenye magari wote wa Mtunda, na njia ya kujua ilikuwa kuuliza. Akauliza nani ananunua vipuri. Akauliza dhamana ni ya muda gani. Akataka vipuri vilivyotolewa arudishiwe avione. Fundi akayajibu yote, akayaandika kwenye karatasi, wote wawili wakatia sahihi. Miraji akatanguliza sehemu ya malipo, nyingine ikabaki mpaka gari liwake.

Krenki ilikwenda Dar es Salaam, ikarudi inang'aa; Landrova nalo likavutwa kwa trekta hadi gereji. Katikati ya kazi, fundi alimpigia simu. Miraji akaenda na kuoneshwa pampu ya oili, imelika kabisa. Hiyo ndiyo iliyoziua metali, maana oili haikufika. Lazima inunuliwe mpya. Miraji akauliza ujira wa kuifunga ni saa ngapi.

"Hakuna," akasema fundi. "Injini iko wazi tayari. Pampu inaingia humohumo kwenye ngwe ya kufunga. Ningekuwa nimefunga halafu nafungua tena, hapo ungelipa. Uliza hivyohivyo kila siku, mdogo wangu. Kazi mbili zikiwa mahali pamoja, usilipe njia mara mbili."

Siku ya kuwasha, Mwamvua alikuja naye. Fundi Mshamu alijifuta mikono, akazungusha ufunguo. Injini ikashika. Miraji akainamisha kichwa, akasikiliza. Alisikia kuku wakiparua nyuma ya gereji. Alimsikia muuza kahawa akigonganisha vikombe. Ngo ngo haikuwepo.

Fundi alimpa metali za zamani kwenye mfuko, zimelika mpaka zimekuwa kama maganda. Akamwonya asiikimbize injini, kwa kuwa vyuma vipya bado vinazoeana, na akitoka Nandete airudishe ikaguliwe na kubadilishwa oili. Ukaguzi huo ulikuwamo kwenye bei. Miraji akauliza mara mbili kuhakikisha.

Waliondoka alfajiri, bibi mbele, wazee nyuma, na kina mama wakiimba. Walipita Ikwiriri, wakavuka daraja la Rufiji. Kila gari liliwapita. Lori la mkaa likawapita. Zamani Miraji asingekubali, angelifukuza mpaka Somanga. Sasa alishika mwendo uleule, taya zimekaza. Bibi Kijakazi akamuuliza kama anaogopa kumchosha mkewe. Wazee nyuma wakacheka mpaka kwenye njia panda ya Kipatimu.

Kisha milima ikaanza. Barabara ilipanda, ikapinda, ikapanda tena. Landrova likapanda nayo, zito, polepole, bila kugonga. Bibi Kijakazi alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, akatazama mabonde, mihogo na ardhi nyekundu, kama mtu anayelinganisha kila kitu na alichoambiwa.

Nandete palikuwa na watu wengi na ngoma nyingi. Lakini Bibi alitaka kwanza kuoneshwa upande walikoishi watu wa babu yake. Wakampeleka. Akavua viatu, akasimama kwenye udongo, akainua mikono. Miraji na Mwamvua wakaitikia amina nyuma yake. Alipomaliza, mzee mmoja wa pale aitwaye Mfaume, aliyekuwa akimtazama muda wote, akamtajia majina ya babu zake mwenyewe. La tatu lilikuwa la babu yake Bibi Kijakazi. Wazee wale wawili wakashikana mikono, wakaulizana, wakakatizana maneno, wakacheka huku machozi yanawatoka. Mchana wote hawakuachana.

Wakati wa kuondoka ulipofika, Bibi Kijakazi alisimama kando ya gari, hataki kupanda.

"Mume wangu," akasema, "nimepata ndugu, na maneno yetu hayajaisha. Utanileta tena?"

Zamani Miraji angejipiga kifua na kusema asijali. Sasa alichuchumaa mbele yake, akafikiri, ndipo akasema kwa sauti, wazee wote wakisikia:

"Mke wangu, tupatane kabla hujapanda. Nitakuleta kila mwaka baada ya mavuno, Mungu akitupa uhai. Mafuta ni juu yangu. Fundi ni juu yangu. Kukushika mkono kwenye mteremko huu ni juu yangu. Tambuu ya kutafuna njiani ni juu yako. Na gari likikwama njiani, nitakubeba mgongoni mpaka hapa kwa ndugu yako, na hutadaiwa nyongeza."